Trela ya Jeneza Imelishinda Gari la Mume Wangu

Bi Jalila, shikamoo. Niite Mwikali, ingawa si jina langu, na hao wengine pia nimewapa majina ya kuazima. Nakuomba unisaidie upesi, maana Ijumaa tuna safari nyingine na iko karibu.

Mimi na mume wangu Dancun tunaishi hapa Changamwe na kazi yetu ni kusafirisha maiti. Tuna trela yenye vioo ubavuni, na watu wa bara wakifiwa hapa Mombasa hutuita tuwapelekee wapendwa wao wakazikwe nyumbani. Kwa miaka mingi trela hiyo ilivutwa na gari letu kuukuu la dizeli lililopiga kelele kama kinu cha kusaga mahindi, lakini halikuwahi kutuaibisha, hadi injini yake ikafa kabisa. Tukaenda kwenye yadi moja Kisauni kutafuta jingine, na hapo palikuwa na magari mawili yaliyotufaa kwa bei, moja la dizeli, refu, rangi imepauka na viti vimepasuka, na jingine jeusi, linang'aa, lina viti saba na paa la kioo. Dancun akalipenda hilo jeusi papo hapo, akaniambia, "Watu wakifiwa wanataka heshima, Mwikali, hawataki kubebwa na kibanda." Nikamuuliza muuzaji kama litaiweza trela, akacheka, akasema, "Mama, hilo linavuta nyumba na wapangaji wake," akatufungia nyuma kile chuma cha kushikia trela, na hakuna aliyeuliza trela yetu ina uzito gani, na sisi wenyewe hatujui mpaka leo.

Safari ya kwanza tulimbeba mama mmoja mzee wa Mtito Andei. Binti yake Carolyne na ndugu zake walipanda nasi, gari likajaa, na mimi nilikuwemo kwa sababu huwa naenda kuwashika mkono wafiwa. Ndani ya trela jeneza lilikaa katikati, na nyuma kabisa, karibu na mlango, tukapakia masufuria, magunia ya mchele na viti vya plastiki vya matangani. Kupanda Mazeras gari likaanza kunuka kama plastiki inayoungua, taa ikawaka mbele ya usukani, Dancun akasema ndivyo magari ya kisasa yalivyo. Tulipopita Mackinnon Road, barabara ikishuka kidogo, lori likatupita, na trela ikaanza kuyumba huku na huku, nikahisi inatusukuma kwa nyuma kama mtu mwenye hasira, nikamsikia Dancun akisema "Yesu, Yesu," akakanyaga breki, trela ikapinda, ikachomoka, ikalala ubavu.

Sisi hatukuumia. Lakini vioo vilivunjika, jeneza likafunguka, na yule mama akatoka nusu, na gauni lake la kanisani likawa kwenye mchanga na mchele uliomwagika. Carolyne alikimbia, akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akamfunika mamake, halafu akakaa chini pale pale kando ya lami akawa anamwambia, "Pole mama, pole, tunakaribia kufika." Bi Jalila, sauti ile naisikia hata nikiwa naosha vyombo.

Mwenye pikapu mmoja alituhurumia akambeba marehemu mpaka kwao, akazikwa. Makaburini kaka yake Carolyne alimwambia Dancun, "Acha tumalize kuzika, halafu siku moja uje utueleze." Dancun hajaenda. Carolyne humpigia simu na yeye huiangalia ikilia mpaka inyamaze.

Sasa ametia vioo vipya, amekichomelea kile chuma kikawa kinene zaidi, na amekubali kumpeleka marehemu babake Lynnette Ijumaa kwa gari lile lile. Lynnette tunaimba naye kwaya, mlango wake unatazamana na wetu ng'ambo ya barabara. Juzi alikuja akaniuliza, akiniita kwa jina la mwanangu, "Mama Brandon, gari lenu liko sawa? Nilisikia mlipata shida njiani." Dancun alikuwa ameketi hapo, akanikazia macho, na mimi nikajibu, "Mungu atatufikisha." Lynnette akanishukuru! Alipotoka nikamwambia mume wangu lile gari la dizeli bado liko yadini na mwenye yadi yuko tayari tubadilishane, akafoka, "Ukifungua mdomo tutakula nini? Ulikuwa upepo wa lori!" Nami sijui magari, labda ni kweli ulikuwa upepo, labda ni dereva, labda ni gari. Mtu huchaguaje gari la kuvuta mzigo kama huu? Na je, niseme au ninyamaze?

Mwikali (Mama Brandon), Changamwe

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuiacha isubiri gazeti. Nilimpigia simu siku ile ile niliyoisoma, kwa namba aliyoiandika kwenye bahasha, nikamwambia avuke barabara amweleze Lynnette kila kitu, naye akavuka. Baadaye akanipigia akilia. Lynnette alimsikiliza mpaka mwisho, akasema "Asante," akafunga mlango. Babake alipelekwa na watu wengine. Dancun amekusanya nguo zake amehamia kwa nduguye Miritini.

Pole sana, Mwikali. Sitakwambia atarudi, kwa sababu simjui. Lakini mzee wa watu alifika kwao salama ndani ya jeneza lake, na hilo ni kwa sababu ulisema.

Sasa nikuseme. "Mungu atatufikisha" halikuwa jibu. Mwenzio aliuliza habari ya gari, wewe ukamfunikia kwa jina la Mungu. Ulikuwemo garini siku ile, ulinusa ile harufu ya kuungua, ulimuona Carolyne ameketi chini. Wallahi ningekuwa karibu ningekufinya.

Ama hilo la upepo, si kweli. Marehemu mume wangu alivuta makontena ya bandarini Kipevu maisha yake yote, na chakula chetu cha jioni kililiwa kwa mazungumzo ya uzito. Upepo wa lori huitikisa trela ambayo tayari imeshalishinda gari, au imepakiwa vibaya. Yenu ilikuwa yote mawili: ile harufu na ile taa ya Mazeras zilisema gari limeshindwa. Mlirundika masufuria na mchele mkiani, trela ikawa nyepesi mbele, na trela ya namna hiyo lazima iyumbe. Mzigo mzito hukaa juu ya magurudumu, na unaozidi huelekea mbele kidogo, si nyuma.

Na kuhusu kuchagua, usimuulize muuzaji, yeye anataka gari liondoke. Anza na trela. Ipelekeni kwenye mizani ya malori, hapo Changamwe hazikosekani, ikiwa imebeba kila kitu inachobeba siku ya safari. Halafu fungua kitabu cha gari unalolitaka. Humo mmeandikwa uzito linaoruhusiwa kuvuta, trela ikiwa na breki zake na ikiwa haina, na hizo ni namba mbili zinazotofautiana sana. Soma ile ya trela yenu ilivyo. Soma pia uzito wa gari na trela kwa pamoja, maana watu saba waliokaa kwenye viti nao ni mzigo, na gari linaloweza trela likiwa tupu huenda lisiiweze likijaa. Uzito wenu ukikaribia mwisho wa ruhusa, liacheni. Kuchomelea chuma kinene hakuliongezei gari nguvu wala breki, kunaongeza uzito tu.

Gari la kazi yenu ni lile la fremu ya chuma chini, zito lenyewe, ili trela isiliburute. Lile la dizeli lenye viti vilivyopasuka huenda ndilo, lakini lisomeni kitabu chake pia, msilichukue kwa sababu ni baya. Viti hushonwa. Na trela itiwe breki zake. Mpaka hayo yafanyike, msimbebe maiti wa mtu. Mkilala njaa, laleni.

Dancun akitaka kurudi, mlango ufungue, ila la gari jeusi lisiwe la kujadiliwa.

Limebaki la Carolyne. Mumeo akikubali kwenda kwa kina Carolyne, afuatane na mzee mmoja wa ukoo wake, na asipeleke habari za upepo. Akikataa, nenda wewe. Piga simu kwanza, usiwatokee ghafla. Ukifika usimtetee mtu. Huenda Carolyne akakuuliza kama mamake aliumia pale barabarani, japo alikuwa ameshakufa, maana wafiwa huuliza hivyo. Usimjibu haraka. Mshike mkono, ukae naye mpaka amalize kulia.