Faili la Kaka

Jumamosi, 3 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Nimecheza nikiwa nimekaa dirishani kwa sababu skrini ya mashine yangu ya gemu haina taa yake — bila mwanga wa mchana humwoni mtu hata mmoja kwenye hoteli ya gemu. Mama alikuwa upande wa pili wa meza na cherehani yake, anashona sketi za sare, ishirini, zote za bluu. Akasema kama mashine yangu nayo ingejua kushona, tungekuwa tumemaliza jana.

Kwenye simu za wenzangu darasani magemu yanakimbia. Kuna mishale ya kukuonyesha njia, kuna sauti ya kukusifu hata ukifungua mlango tu. Gemu langu ni la kijivu na jeusi, herufi zake ndogo kama sisimizi, na lugha yake ya kigeni inanilazimu kuweka kamusi pajani. Halikusifu. Unaingia chumbani, unavuta droo, unasoma barua ya mtu, unamuuliza mpishi alikuwa wapi saa tatu. Anajibu. Sura mbili baadaye unagundua alijibu swali jingine kabisa. Hapo ndipo ninapopapenda. Mimi najua majibu mengi darasani ila mkono wangu hauinuki. Kwenye gemu hili hakuna anayenyoosha mkono kabla yangu.

Mwenye hoteli kafa kwa sumu. Watuhumiwa wanne: mpishi, daktari, mjane wa chumba namba saba, mpiga kinanda. Nimefika mwisho, nimesimama mlangoni pa ukumbi, wote wamekaa ndani wanangoja nitaje jina. Nimesimama hapo mwaka mzima. Siingii. Nina ahadi na kaka.

Kaseti ya gemu ina nafasi tatu za kusevu, yaani kuhifadhi pale ulipofika. Ya kwanza ni ya kaka, ya pili yangu, ya tatu ya majaribio. Siku anaondoka kwenda kufunga lifti huko mbali aliniwekea mashine mkononi. "Profesa, cheza utakavyo, lakini faili langu usilivuruge. Nimeishia mlangoni, sijui muuaji ni nani. Nikirudi tunaingia wawili."

Hiyo ni miaka miwili sasa. Simu zake ni fupi. Huuliza mama anakula vizuri, mimi nasoma, basi. Sote wawili si waongeaji. Ila kila simu lazima aulize kama nimeingia ukumbini, na mimi nasema bado, na yeye anacheka. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Jumatano, 7 Agosti

Kaka amepewa likizo! Siku nne. Anafika Ijumaa ya tarehe 23.

Mama alipomaliza naye akanipa simu. "Faili langu lipo?"

Nikasema lipo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimelifuta.

Naandika ilivyokuwa, maana kila nikijieleza kichwani najipunguzia kosa. Nilikuwa kwenye faili la majaribio. Ukitaka kusevu, kishale huanzia nafasi ya kwanza. Mimi hubonyeza chini mara mbili, halafu kubali, halafu gemu linauliza una hakika, halafu kubali tena. Vidole vimezoea, siangalii. Leo macho yalikuwa kwenye kamusi. Kitufe cha chini kilikuwa kimekwama — mikono yangu ilikuwa na sukari ya maandazi. Kishale hakikusogea. Una hakika? Ndiyo.

Nilipoinua macho, faili la kaka lilikuwa limekuwa langu.

Nimezima. Nimewasha. Nimetoa kaseti, nimeipuliza kama alivyonifundisha, nimeirudisha. Mama akauliza mbona nimekauka. Nikasema kichwa.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekwenda na mashine kwa fundi redio. Nilipita mbele ya kibanda chake mara mbili nikijifanya nina safari nyingine. Mara ya tatu akaniita mwenyewe. "Binti, utachosha viatu. Ingia."

Ameifungua kaseti taratibu, akanionyesha betri bapa kama kifungo cha shati inayotunza kumbukumbu. Betri nzima. Kila kitu kizima. Tatizo si mashine, akasema, tatizo ni kwamba umeandika juu yake. Ubao ukishafutwa na kuandikwa somo jingine, la kwanza haliko nyuma ya la pili. Haliko popote.

"Ulikuwa na kazi ya shule humo?"

"Hapana. Kaka yangu."

Akasafisha kile kitufe kwa pamba na spiriti. Sasa kinateleza vizuri mno. Kimechelewa siku moja.

Jumapili, 11 Agosti

Nitalijenga upya.

Si uongo mkubwa. Nitacheza toka mwanzo kwenye nafasi ya kwanza, nimfikishe mpelelezi wake pale pale alipokuwa, nisevu. Akifungua atakuta alivyoacha. Shule tumefunga, nina siku kumi na mbili, na gemu nalijua kwa moyo.

Ninachokumbuka cha faili lake (nilikuwa nalifungua nikimkumbuka, natembea tu jikoni mle hotelini, nazima bila kusevu):
Jina la mpelelezi: PROFES. Nafasi zilikuwa za herufi sita, halikuenea.
Saa ya kucheza (jumla ya muda aliocheza): 11:52.
Nyota ndogo pembeni ya jina. Mimi sina. Nilidhani ni alama ya mwenye kaseti.
Mpishi akikutana naye husema, "Umerudi, mpelelezi." Kwangu husema, "Karibu, mpelelezi."

Nimeanza mchana. Mama kaniambia nitoke nje nipigwe na jua, nimekuwa rangi ya kurasa.

Jumatano, 14 Agosti

Kuna kitu hakiingii akilini.

Nimefika sura ya tatu na saa inasema 9:10. Na mimi nakimbia! Siangalii droo zisizo na kitu, siulizi maswali ya bure, kamusi sijaigusa. Lakini watu wa gemu hili huongea herufi moja moja na huna namna ya kuwaharakisha. Mpishi peke yake ana maneno ya dakika arobaini. Sura ziko saba. Hata ningekuwa na vidole vya umeme, kwa 11:52 sifiki mlangoni. Faili langu la pili lilinichukua saa ishirini na sita.

Kaka alisema yeye ni msomaji mwepesi. Kaka, ambaye gazeti linamkalisha wiki.

Na mpishi anasema Karibu. Nimejaribu kumsalimia kwanza, nimemrudishia funguo zake, nimemsifu supu. Karibu, karibu, karibu. Na nyota haijatokea.

Alhamisi, 15 Agosti

Mtu haambiwi umerudi kama hajawahi kumaliza na kutoka. Njia ya kujua ni moja na inapitia ukumbini.

Nimekaa na mashine mapajani mpaka chai ikapoa. Nikifungua mlango ule nimevunja ahadi, tena safari hii kwa makusudi. Nisipoufungua, faili lake sitalipata kamwe. Mama alipokwenda kupeleka sketi, nikafungua faili langu, la pili, nikaingia.

Nilitaja daktari. Nimemshuku mwaka mzima, ana dawa zote zile. Si yeye. Gemu halikugomba, lilinirudisha tu kwenye kiti nifikiri. Nikasoma daftari la mpelelezi toka mwanzo. Mjane alisikia kinanda saa mbili na akakisikia tena saa tatu, na mara zote mbili mpigaji alikosea noti moja, mahali pale pale pa wimbo. Mwaka mzima nimeusoma mstari huo nikaupita. Mtu akirudia wimbo hakosei vile vile. Saa tatu ilikuwa santuri. Mpiga kinanda hakuwa ukumbini.

Ni yeye. Nilitarajia nitaruka. Nilikaa tu. Jambo zuri kama hili, na wa kumwambia ni yule yule nisiyeweza kumwambia.

Kisha majina ya waliotengeneza gemu yakapita, skrini ikawa nyeupe, halafu swali: unataka kuanza tena ukiwa na daftari lako? Nikasema ndiyo. Likauliza nafasi gani. Nikachagua ya kwanza, nikaandika PROFES.

Nyota ikatokea pembeni ya jina.

Maneno niliyokwisha kuyasoma sasa yanarukwa kwa kitufe kimoja. Nikaenda jikoni moja kwa moja.

"Umerudi, mpelelezi."

Jumamosi, 17 Agosti

Kwa hiyo kaka alijua.

Alikuwa amemaliza gemu kabla hajaondoka. Halafu akaanza upya, akatembea sura zote saba, akasimama mlangoni, akasevu, akaja kuniambia hajui muuaji ni nani. Nakumbuka wiki ile. Masanduku yake yamefunguliwa kitandani, nguo nusu ndani nusu nje, mama anamgombeza, na yeye yuko dirishani na mashine. Nilidhani anaaga gemu.

Jana nilikasirika. Mwaka mzima nimekaa mlangoni kama mlinzi wa ghala tupu. Nimejizuia, nimejisifu kwa kujizuia, na mwenzangu alikuwa keshatoka upande wa pili.

Leo hasira imepungua na sijui imekwenda wapi. Nimecheza sura ya pili na ya tatu. Ukijua muuaji ni nani gemu linakuwa jingine. Mpiga kinanda anakuwa mtu wa kuonewa huruma, anaongea sana, anakutazama ukitoka chumbani. Nikawa nawaza kaka naye aliyaona haya yote, akayapita akiwa anajua, chumba kwa chumba, kwa ajili ya kuniwekea pa kumngojea.

Mtu mwingine angesema tu, nitakukumbuka.

Jumatano, 21 Agosti

Nimefika mlangoni. Saa inasema 12:07. Dakika kumi na tano zaidi ya yake. Nilipotea kwenye ghala la mvinyo, na siku ya Jumatatu nilisahau kuzima mashine nikamsaidia mama kukunja vitambaa. Kuanza tena sina muda. Nimesevu. Safari hii nilitazama kishale.

Nyota ipo. Jina lipo. Mpishi anasema anachopaswa kusema.

Sasa naona shimo nililojichimbia. Nikimwambia kaka nililifuta faili, ataniuliza nimelirudishaje na nyota yake. Nikimjibu, nimemwambia najua alishamaliza. Nikimwambia hilo, zawadi yake imevunjika mikononi mwake. Nikinyamaza, tutakaa wawili mbele ya mlango, kila mmoja anajua, kila mmoja anajifanya hajui. Na itakuwa mara ya kwanza mimi kumdanganya kaka ana kwa ana. Kwenye simu nilimwambia lipo, lakini siku ile lilikuwepo.

Ijumaa, 23 Agosti

Amefika. Mrefu zaidi, au nyumba imepungua. Mikono imejaa makovu madogo ya nyaya. Amekula, amesinzia kwenye kiti katikati ya habari za mama, mama akamvua viatu kama mtoto wa chekechea.

Kabla hajasinzia alisema, "Kesho, Profesa. Mimi na wewe na hoteli yetu."

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika haraka. Kaka amekwenda dukani.

Mama yuko uani. Tulikaa chini kwenye mkeka, dirishani, bega kwa bega. Kaka akawasha. Skrini ya mafaili ikaja.

Akasoma polepole, "Kumi na mbili na dakika saba." Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa mwepesi hivi."

Sikujua anamdanganya nani. Inawezekana hakumbuki. Miaka miwili, nani anakumbuka dakika. Au anakumbuka.

Akafungua. Tukaingia ukumbini. Wote wanne wamekaa, taa ya dari, saa ya ukutani. Gemu likauliza: nani?

"Nimewaza sana huko kwenye malifti," kaka akasema. "Mtu unakaa ndani ya lile shimo na waya, huna cha kufanya ila kuwaza. Nasema daktari."

Alisema bila hata kupepesa. Uso ule ule aliokuwa akiuvaa tukicheza karata nikiwa mdogo, akishika karata nzuri na kusema hana kitu, ili nishinde.

"Ana dawa zote zile," akaongeza.

"Ni kweli," nikasema.

"Lakini profesa ni wewe. Mimi ni fundi tu. Wewe unasemaje?"

Akanipa mashine. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Jina la mpiga kinanda lilikuwa la nne kwenye orodha. Ningemtaja, ningeeleza habari ya noti na santuri, na kaka angepiga goti lake na kusema we mtoto una akili. Najua angesema hivyo. Nilifungua mdomo kusema ama jina hilo ama la daktari, mwenyewe sijui lipi, na taa ndogo nyekundu ya mashine ikafifia na skrini ikafa. Betri.

Kaka amecheka mpaka mama akachungulia. "Usiondoke hapo," akaniambia anavaa ndala. "Fikiri vizuri. Nikirudi nataka jina."

Nafikiri.

Nikitaja jina sahihi leo, atarudi kazini na furaha yake, na sitajua kamwe kama aliniamini au alinivumilia. Na simu zijazo ataniuliza nini? Mlango hautakuwepo tena wa kuuliza habari zake.

Amerudi. Anaongea na mama mlangoni. Mama anauliza chai, yeye anasema subiri kidogo mama, tuko kwenye kesi.

Amekaa. Anafungua kifuniko cha betri kwa ukucha. Ameniuliza naandika nini. Nimemwambia maelezo ya shahidi.

"Basi nisomee," amesema.

Taa nyekundu imewaka. Wimbo wa mwanzo unalia. Hatazami skrini, ananitazama mimi na daftari hili.