Baba, Kaburu Alitaka Nikufute kwenye Picha

Baba mpendwa,

Ungekuwa hai, najua habari hii ungeipokea kwa neno lako moja: "Sasa?" Ningekuambia picha zangu zimetundikwa Nairobi kwenye ukuta mweupe, watu wenye tai wamesimama mbele yake vichwa vimeinama upande, nawe ungeendelea kukwangua tope kwenye viatu, kisha useme, "Sasa? Na mahindi yamepaliliwa?" Umelala kaburini na bado swali hilo linanikera. Linanikera zaidi kwa kuwa sina tena wa kugombana naye.

Basi nakuandikia kutoka hapa Sisibo, kama ulivyouita mji huu, maana jina la Eldoret lilikushinda ulimi mpaka mwisho. Utanisikiliza, hata kama hutaki. Siku hizi huna pa kukimbilia.

Wakumbuka ule ubao niliochora vilima vya nyumbani Maragoli, nikiwa bado mwanafunzi? Niliuacha ukutani ukauke. Niliporudi kutoka kanisani nikaukuta umekuwa mlango wa banda la kuku, umepigiliwa misumari katikati ya mlima. Nililia. Ukanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe anaongea. "Si ubao ni ubao?" ukasema. "Kuku wako ndani, mlima uko nje. Kuna shida gani?" Mama alicheka hadi akaegemea ukuta. Mimi sikucheka, na hadi leo sijacheka.

Lakini ni wewe uliyenifundisha rangi, Baba, na kamwe hukukubali. Wakati wa likizo ulinipandisha juu ya magunia, kwenye lile gari la Kaburu, bwana wako mwenye shamba, lililovutwa na maksai, tukateremsha mahindi yake kutoka upande wa Kaptagat hadi stesheni. Mvua ikinyesha barabara yote ilikuwa uji. Ulikuwa unatembea kando ya maksai na mjeledi begani, ukinionyesha tope kwa kidevu. "Hili jekundu lina mawe chini, linapitika. Hili jeusi linalong'aa, hili litameza gari. Na hili la kijivu, usiliamini." Mimi nilikuwa naona tope tu. Siku moja nikaanza kuona jekundu, jeusi na kijivu, na tangu hapo sijaweza kuacha kuona. Halafu ukashangaa kwa nini sikuwa karani wa reli.

Kifua kilipokuchukua, msimu ule wa baridi, Kaburu alimwambia Mama mkataba ulikuwa wako, si wake, afungashe. Tukakuzika pale pale shambani, maana hatukuwa na gari la kukufikisha Maragoli. Wewe uliyesafirisha mahindi ya watu maisha yako yote! Mama akarudi nyumbani na sufuria zake. Mimi nikabaki mjini nikiandika mbao za maduka ya Wahindi: sukari, mablanketi, cherehani. Jumamosi mchana, kazi ikiisha, nilikuwa nawamba gunia kwenye fremu na kuchora nilichotaka. Nikakuchora wewe. Maksai wamezama hadi magotini kwenye kivuko cha mto Sosiani, nawe uko mbele yao, mjeledi begani, mgongo umepinda, unavuta.

Mke wa daktari wa mifugo, mama mmoja Mzungu anayefundisha wenzake kuchora maua, alinikuta juu ya ngazi nikiandika ubao wa duka. Akaniuliza kama nina kazi nyingine. Nikamwonyesha. Akashika shavu, akasema lazima zionekane. Ndivyo nilivyopata maonyesho yangu ya kwanza, Baba, hapa hapa mjini, kwenye ukumbi wao wa mawe.

Usifurahi bado. Niliingilia jikoni. Chini ya picha zangu walikuwa wameandika "Kazi ya boi wa Eldoret", kana kwamba mji mzima una boi mmoja. Memsahib, yule mke wa daktari, akanivalisha kanzu nyeupe, akasema nitapendeza. Nilipendeza sana, maana bwana mmoja alinipa kikombe chake kitupu bila hata kunitazama, halafu mwingine akanipa chake, na mchana wote nimesimama kando ya picha zangu nikiwa nimeshika vyombo vya chai vya wageni. Kila nilipotafuta pa kuviweka, mtu aliniambia chai yake haina sukari.

Ndipo akaingia bwana wako, Kaburu mwenyewe. Amezeeka, anatembelea fimbo. Alipita picha za maua, akafika kwako, akasimama. Alisimama hadi mkewe akamvuta mkono, naye akakataa kuvutwa.

"Hii ng'ombe yangu," akasema. Akaweka kidole karibu na pua ya maksai wa mbele. "Hii nazaliwa kwangu. Hii nakufa na homa." Macho yake yalikuwa na maji. Naapa, Baba, alikuwa analia kwa ajili ya ng'ombe.

Akauliza nani amechora. Nikasema ni mimi.

"Mimi nunua hii," akasema. "Lakini kwanza toa boi."

"Boi gani, bwana?"

"Hii na kiboko. Paka nyasi juu yake. Baki ng'ombe tu."

Nikaviweka vile vikombe sakafuni. "Huyo ni baba yangu," nikasema. "Ni Asava."

Nilidhani jina litamshtua. Akakutazama tena, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekumbuka kitu kizuri. "Ah, Asava. Boi mzuri sana, ile." Kisha akasema, "Sawa. Lakini toa."

Memsahib alikuwa amefika. Akanong'ona kwamba ni brashi mbili tatu tu, kwamba bwana huyu anajulikana, kwamba akinunua yeye wenzake watafuata na njia ya Nairobi itafunguka. Na unajua kilichonichoma zaidi? Nilikusikia wewe. Nilikusikia wazi kabisa ukisema, "Mpe. Usigombane na Wazungu kwa sababu ya gunia." Ndivyo ungesema! Ungechukua brashi ujipake nyasi mwenyewe, kisha uulize kama zimetosha. Nilitamani kukushika mabega nikutikise. Watu watatu mlikuwa mnataka utoke kwenye picha ile, na mmoja wenu alikuwa wewe.

"Hapana, bwana," nikasema. "Yeye hatoki."

Hakunitukana. Alivaa kofia, akaondoka bila kuaga. Memsahib ndiye aliyekasirika. Hata hivyo Nairobi alipeleka picha zangu tatu za vilima na miti, wewe akakuacha. Chumba changu ni kidogo, nikikutundika sina pa kupita, kwa hiyo Krismasi nikakufunga kwenye blanketi, nikakupandisha basi, nikakupeleka kwa Mama.

Nairobi nilikwenda, Baba, daraja la tatu, nimebanwa kati ya debe la samli na mwanamke mwenye jogoo. Safari hii nilikataa kanzu. Nilisema pia jina langu liandikwe lote pamoja na lako, nao wakaliandika, ila wamekosea herufi, sasa naitwa Elisha Asafa. Nimechoka kubishana. Picha mbili zilinunuliwa siku ya kwanza. Mwalimu mmoja kutoka chuo cha Kampala, Mwafrika kama sisi, alizitazama zote tatu akaniuliza, "Mbona hakuna watu? Nani anaishi huku?"

Nusura nipige kelele. Nikamweleza habari zako pale pale, tope, mgongo na yote. Akasema kuna maonyesho makubwa Kampala, ya wachoraji wa Afrika Mashariki yote, nami nitapewa nafasi. Lakini anataka ile uliyomo wewe.

Basi nikarudi Maragoli kukuchukua. Nikakukuta umetundikwa juu ya kiti kizuri, umepanguswa vumbi, taa iko karibu nawe. Nikamweleza Mama habari ya Kampala. Aliendelea kuchambua mboga.

"Haendi," akasema.

"Mama, hii ndiyo kazi yangu. Wataniona watu wa nchi tatu."

"Nimesikia. Haendi. Alitembea na mahindi ya watu miaka yote akisema mwaka kesho nitarudi nyumbani, mwaka kesho. Sasa amefika. Wewe unataka kumtoa tena?"

Nilibishana naye hadi mboga zikaiva. Wewe unamjua. Nilisema picha si mtu. Akaniuliza basi kwa nini nilimkatalia Kaburu. Sijui ni nani alimfundisha mwanamke yule kujibu.

Baadaye akanionea huruma. "Chora mwingine," akasema. "Lakini huyo wa Kampala mpe mahali pa kukaa. Safari ni ndefu."

Nikachukua mkaa, nikajaribu, na hapo ndipo ulipozidi kuniudhi. Sijui unavyokaa, Baba! Mimi nimekuona umesimama, umeinama, unatembea. Kila nikikukalisha unakuwa mtu mwingine, mzee wa kanisa asiyenihusu. Nikatupa mkaa. Mama akafuta mikono, akavuta kigoda, akakaa. Akanyoosha miguu, akafunga viganja juu ya tumbo, akashusha kitambaa hadi machoni, akakoroma kidogo. "Hivi," akasema. "Mlipokuwa mmelala, ama mmekwenda shule. Hivi, mpaka Kaburu aite." Kisha akaanza kucheka, na kicheko kile sijakisikia tangu tukuzike.

Nikamwambia asitikisike. Nikachora haraka kabla hajaacha kucheka.

Pumzika, Baba. Rangi ya picha ya Kampala, niliyoimalizia huku mjini, bado mbichi; naomba usiniulize kuhusu mahindi.

Mwanao wa kwanza,
Elisha