Mbili Pamoja

Jumatatu, 3 Desemba 2012

Nimetoka saluni na miguu imevimba. Nimemwogesha Mama, nimemlisha, nimembadilishia shuka. Chai amekunywa nusu, akasema, "Mbili." Nikaongeza kijiko cha pili cha sukari. Akaitema.

Tangu kiharusi kimpige mwezi wa Juni, mama mkwe wangu amebaki na neno hilo moja. Mkono na mguu wa kulia havina kazi. Ukimpa mto, mbili. Ukifungua dirisha, mbili. Tumejaribu mito miwili na mashuka mawili. Sivyo.

Jana binti yangu Ineza alirudi kutoka shule ya Jumapili na kazi ya kufanya. Kila mtoto apeleke soksi kubwa ya Krismasi iliyofumwa nyumbani. Watazitundika ukutani kanisani. Soksi ya kutundika! Sikuwahi kusikia. Mfumaji wa nyumba hii alikuwa Mama. Kule kwetu Burundi, Rumonge, alifuma soksi za watoto wachanga. Mimi nasuka nywele. Nimefuma skafu moja maishani, tena mbaya.

Jumatano, 5 Desemba

Nimenunua sufu nyekundu na nyeupe, na sindano zenye ncha huku na huku. Sufu, Durban, Desemba. Jasho linatoka mpaka uzi unanata vidoleni. Wenzangu saluni wamenicheka, wakauliza kama nahamia kwenye theluji.

Nimekaa karibu na kitanda cha Mama. Ametazama uzi, akasema mbili. Nikamjibu najua, Mama, soksi ni mbili, nani ana mguu mmoja? Nimeanza zote mbili. Nimefurahi kupita kiasi kwamba kwa mara ya kwanza tumeelewana.

Jumamosi, 8 Desemba

Shemeji Déo amepiga simu kutoka Joburg. Amepata nyumba ya wazee huko. Anakuja Alhamisi ya tarehe ishirini kumchukua mama yake.

"Shemeji, Mama iko mwili tu," aliniambia. "Kichwa ilishaenda. Na weye utajiua bure."

Si mtu mbaya. Tangu kaka yake, mume wangu, afariki hajatutupa. Lakini nimekasirika. Yeye anasema Mama haelewi kitu, mimi nasema anaelewa. Ushahidi wangu ni neno moja, na maana yake siijui.

Jumapili, 9 Desemba

Aibu. Nimekwenda kanisani na soksi zangu mbili zilizofika nusu, nikamwonyesha mwalimu wa watoto. Akanieleza taratibu: moja kwa mtoto mmoja, haivaliwi, inatiwa peremende. Akina mama wa kwetu walicheka na mimi, maana nao walikuwa wamefuma jozi. Mmoja alikuwa amempima mtoto mguu kabisa.

Nyumbani sikucheka. Kama si soksi mbili, Mama alisema nini? Labda Déo ana haki. Labda nimekaa miezi yote hii nikizungumza na ukuta.

Jumatano, 12 Desemba

Kisigino kimenishinda. Nafuma safu hadi mwisho, narudi, nafuma hadi mwisho. Kinachotoka ni bomba. Nimefumua, nimeanza, nimefumua. Bomba tena. Nimewatukana watu wote waliobuni soksi.

Alhamisi, 13 Desemba

Niandike kabla ya kwenda saluni.

Asubuhi nilikaa kitandani kwa Mama na lile bomba langu. Nilitaka kulitupa. Mkono wake wa kushoto ukaja juu ya wangu. Akasema, "Mbili." Kisha akaweka kidole kwenye vitanzi viwili vya uzi, akavibana.

"Pamoja," akasema.

Neno jipya. Nikapitisha sindano kwenye vyote viwili, vikawa kitanzi kimoja.

"Moja." Nikafuma kimoja.

"Geuza."

Geuza vipi? Safu ilikuwa haijaisha, vitanzi vingine vilikuwa bado vinangoja kwenye sindano. Nikataka kuendelea. Akanipiga kofi dogo la mkono, kama mama mkwe yeyote. "Geuza." Nikageuza.

Mbili pamoja, moja, geuza. Mbili pamoja, moja, geuza. Alikuwa anaimba, karibu. Na kitambaa kikaanza kupinda chenyewe. Kilikata kona mbele ya macho yangu. Mwishoni kisigino kilikaa kiganjani mwangu, mviringo, kama cha mtoto.

Nimeogopa. Si woga wa kukimbia. Ni ule wa kanisani watu wote wanaponyamaza. Miezi yote hii mama huyu alikuwa anafuma, peke yake humo ndani, na sisi tunamletea sukari.

Alhamisi, 20 Desemba

Déo amefika na begi tupu la nguo za mama yake. Uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Nilimweleza kila kitu. Akasema ndiyo, Shemeji, ndiyo, kama unavyomwambia mgonjwa.

Sikubishana. Soksi ya Ineza ilikuwa tayari. Ile ya pili ilibaki ncha ya vidole tu. Nikamkalisha Déo upande wa kulia wa mama yake, nikampa sindano ya kulia aishike mahali pa mkono uliokufa. Mama akashika ya kushoto. Déo hajui hata kushona kifungo. Alivuta uzi hovyo.

"Déo," Mama akasema. "Mbili pamoja."

Alimtaja jina. Déo hakuachia sindano. Machozi yalimshuka hadi shingoni na akaendelea kushika mpaka ncha ikafungwa. Kisha akatoka nje, akakaa muda mrefu kwenye ngazi.

Jioni ameondoka na basi. Begi ni tupu kama lilivyokuja.

Jumanne, 25 Desemba

Joto. Ineza ameshamaliza peremende zote, amelala sakafuni. Soksi yake jana ilining'inia ukutani kati ya nyingine, kisigino kimekaa sawa kuliko zote. Najisifu, na kazi si yangu.

Ile ya pili haikuwa na mwenyewe. Nimemvisha Mama mguu wa kulia, ule ulio baridi hata Durban ikichemka. Ameiangalia miguu yake kwa muda. Mmoja mwekundu, mmoja mtupu.

"Mbili," akasema.

Nikashika sindano, nikitafuta vitanzi vya kubana. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye mguu mtupu.

Sufu imebaki. Nimeanza.