Mtoto Anapofunga Mdomo

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kilolo tunaendelea vizuri, ila babu yako bado anakohoa. Umeniuliza kutoka Makongolosi ufanyeje, maana mtoto anatema viazi unavyompondea.

Mwanangu wa kwanza, Tumaini, naye alikuwa akitema. Siku moja nilimbana pua nikamnywesha uji kwa nguvu. Mama mkwe akaniambia, "Mwache, akisikia njaa atafungua mdomo mwenyewe." Sikumsikiliza. Kesho yake alishikwa na homa, hakula tena, na siku ya tatu tukamzika. Uji haukumuua, lakini chakula chake cha mwisho alikila akilia mikononi mwangu.

Viponde laini, uongeze maziwa, kisha umsubiri. Mama yako nilimsubiri hivyo. Uji ukipoa, niliupasha tena.

Bibi yako