Mistari Minne ya Salome

Alhamisi, mwezi wa nane, 1975

Salome mwanangu,

Leo upepo haukutulia, na mimi sikutulia. Tangu asubuhi vumbi linapita katikati ya nyumba hizi za kijiji kipya zilizopangwa kwa kamba, linaingia kwenye uji, linaingia hata kwenye daftari hili. Nimeketi, nimesimama, nimefagia mahali nilipokwisha kufagia. Baba yako ameniuliza kama nimekalia siafu.

Nimefanya jambo ambalo nimeshindwa kumweleza yeye, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Ile karatasi ya mchoro uliyoinunua mnadani Singida bado ninayo. Ulimwachia yule mama wa shanga kuku wako mweupe, ukarudi nyumbani ukiicheka biashara yako mwenyewe. Njia moja nyekundu juu ya weupe, inapinda kulia, inapinda kushoto, imechorwa kwenye vyumba vidogo vya penseli. Ulimwahidi rafiki yako Zaituni kwamba siku ya harusi yake atavaa bangili ya shanga yenye mchoro huo. Ulifuma mistari thelathini. Mwezi wa tatu homa ikakuchukua, na bangili ikabaki ndani ya kopo la majani ya chai, sindano ikiwa imechomekwa palepale ulipoishia.

Harusi ni Jumamosi, keshokutwa.

Wiki iliyopita nilijipa moyo nikafungua kopo. Uzi mweupe umeadimika dukani, nikaunga mweusi. Nikafuata karatasi kama ulivyotufundisha kwenye darasa la kisomo, kwamba kila mstari unaanzia kushoto. Mimi niliishia darasa la nne la misheni na nilikuwa nimesahau karibu yote. Ni wewe uliyeniketisha benchi la mbele na wazee wenzangu, ukapita nyuma yetu ukituhamisha vidole. “Kushoto, mama. Humu ndani mimi si mwanao.”

Basi nikaanzia kushoto. Nilifuma mistari ishirini, na njia nyekundu ikakataa kutokea. Nilipata vidoa tu, huku na huku, kama mtu amekohoa wino.

Asubuhi hii baba yako alikuwa anafunga kamba ya plau, maana zamu yake ya ng'ombe wa kijiji inakaribia. Akaona ninavyoivuta ile karatasi juani. Akachungulia juu ya bega langu.

“Hii mishale ni ya nini?”

Kweli, pembeni kabisa, kwenye mkunjo wa karatasi, kulikuwa na mishale midogo. Wa kwanza unaelekea kulia. Wa chini yake unarudi kushoto.

“Uzi wako ukifika mwisho unageuka, si ndiyo?” akasema. “Sasa mbona kusoma hakugeuki? Mimi plau ikifika mwisho wa shamba huwa siibebi begani mpaka mwanzo.”

Akaenda zake anacheka. Mimi nikashikwa na hasira, si na yeye. Nikaanza kufumua. Nilifumua kwa pupa, sitazami, shanga zinadondoka kwenye sahani ya bati, na kichwani najiambia bado nina muda, bado nina muda.

Kilichonisimamisha ni harufu. Nta ya nyuki.

Mimi sikupaka uzi wangu nta. Nikatazama vidoleni, uzi ulikuwa mweupe.

Nilikuwa nimepita fundo. Nilikuwa nimefumua mistari yako minne, Salome. Shanga zako zilikwisha kuchanganyika na zangu sahanini, na nilizipekua moja moja kama mtu anayechambua uwele, nikitafuta zipi ulizishika wewe. Zote zinafanana.

Halafu nikaona jambo la pili. Kosa halikuwa langu peke yangu. Mistari yako ya mwanzo haina tatizo, kwa kuwa njia bado iko katikati, kulia na kushoto kunafanana. Ila njia inapoanza kupinda tu, pale kwenye mstari wa kumi, na wewe ulianzia kushoto kila mara. Mwalimu alifuata somo lake.

Ili bangili inyooke, ingenibidi nifumue zaidi ya nusu ya kazi yako. Nisipoifumua, nimvishe bibi harusi kitu kilichokosewa, mbele ya ukoo wa mumewe, nao waseme hivi ndivyo mikono ya nyumbani kwetu ilivyo. Nilikaa na sindano mkononi mpaka jua likahama. Laiti kaburi lako lingekuwa karibu ningekwenda kukaa hapo. Lakini ulibaki kule kwenye kaya ya zamani tulikohamishwa, kando ya bibi yako, saa nzima kwa miguu.

Zaituni ndiye aliyenikuta hivyo.

“Shikamoo, Mama Salome.”

“Marahaba, mwanangu. Bibi harusi unatembea peke yako?”

“Nimewatoroka. Shangazi zangu wananipaka mafuta kama ngozi ya ngoma.”

Sikutaka kumficha. Nikamweleza yote, mishale, kufumua, mistari minne. Aliichukua bangili akaigeuza mwangani. Kisha akaanza kucheka, kicheko chenu kile cha kwenda kisimani, mkono mdomoni.

“Huyu ni Salome mwenyewe. Hata ubaoni mistari yake ilikuwa inaanzia chini inaishia darini, na ukimwambia anasema ubao ndio umepinda.”

“Nitainyoosha,” nikamwambia. “Kesho jioni itakuwa tayari.”

Akaacha kucheka. “Ukiinyoosha siivai, mama.”

“Na wakwe zako?”

“Wakiuliza nitawaambia fundi wangu alikuwa mwalimu.” Akanyoosha mkono ulioishika, akaitazama kwa mbali. “Halafu simama hapa uone. Hizi ni njia mbili.”

Nikasimama nyuma yake. Ukiitazama kwa karibu ni vidoa. Ukiirudisha nyuma kidogo, njia moja inatoka kulia na nyingine inatoka kushoto, zinakutana katikati, zinapishana, kila moja inashika upande wake. Wewe hukupata kuiona hivyo. Ulikuwa unafumia magotini.

Baada ya Zaituni kuondoka nilianza kurudisha mistari yako minne. Sikujua kwamba kukosea kwa makusudi ni kazi ngumu hivi. Mkono wangu sasa unajua mishale, kila ukifika mwisho unataka kugeuka kama ng'ombe wa baba yako. Mara mbili niliusoma mstari sawasawa, mara mbili nikaufumua. Ikabidi nijisemee kwa sauti, peke yangu barazani: kushoto, mama, kushoto.

Minne imerudi. Kwa uzi mweusi, lakini imerudi. Juu yake nimeongeza kumi na sita. Mwanga umepungua, iliyobaki ni ya kesho tukitoka shamba la kijiji.

Bado sijatulia. Sijui kama niliyorudisha ni mistari yako au ni yangu inayofanana nayo. Jumapili nitaomba ruhusa kwa balozi wa nyumba kumi niende kule kwenye kaya ya zamani, nikueleze ilivyomkaa Zaituni mkononi.

Wewe hatujakusahau hata siku moja. Nami unikumbuke huko uliko, mwanafunzi wako wa benchi la mbele.

Mama