Vimetoka

Mpendwa Mama Rehema,

Simu yako haipatikani tangu urudi kwenu Munanila, nami nimechoka kuzungumza nawe moyoni. Naandika waziwazi kwa sababu lawama ulibebeshwa hadharani, na mimi nilikuwepo.

Unakumbuka nilivyofika Mabamba, nesi mgeni kutoka Tanga, nasalimia kina mama kwa Kiswahili changu cha pwani wanabaki kunitazama? Wewe ndiye uliyenifundisha kusema "mwakeye" asubuhi, ukacheka mpaka ukakaa chini kwa jinsi nilivyokiharibu Kiha chenu. Nilipougua malaria uliniletea ugali wa muhogo na maharage. Na nilipokuzalisha, ukampa binti jina langu. Jina hilo linanielemea sasa.

Siku ya chanjo ya surua somo wangu alikuwa na miaka miwili na kitu. Alilia, akanizaba kofi la shavu, tukacheka wote. Nikakwambia kama nilivyowaambia wengine: mtoto anaweza kupata homa kidogo na vipele, usiogope, subiri vitoke. Siku ya tisa ukapiga simu. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, foleni haijapungua, simu nimeibana kwa bega.

"Vimetoka, dada. Vyote."

"Alhamdulillahi. Basi usihangaike tena."

Mimi, doa likitoka nguoni, najua limekwisha. Wewe ulikuwa unaniambia vimechomoza, mwili mzima. Na kwenu surua husubiriwa itoke yote, mtoto anafungiwa ndani asipigwe na upepo. Nami nikakujibu alhamdulillahi! Kumbe haikuwa chanjo. Surua yenyewe ilikuwa imeshamwingia kabla ya sindano. Ningekuuliza tu kama anakohoa, kama macho ni mekundu, ningejua. Sikuuliza, nilikuwa nimechoka.

Siku nne baadaye ulimleta mgongoni, kope zimegandana kwa usaha. Tulimsafisha, tukampa dawa na vitamini A. Jicho la kulia likapona, la kushoto likabaki na ukungu mweupe. Daktari wa zamu alipouliza kwa nini mmechelewa, mama mkwe wako akadakia kwamba wewe ni mzembe, ulimficha mtoto ndani. Ukanitazama. Ungeweza kusema ulimpigia nesi. Hukusema. Nami nikaufyata, nikajifanya natafuta pamba.

Mwezi haukuisha, ukafungashiwa vitu vyako na mtoto wako. Nilikuona ukipita mbele ya zahanati na beseni kichwani. Nilikuwa dirishani. Sikutoka.

Sasa nipo Kasulu, bado nachanja watoto. Kila mama anayenipigia namuuliza: vimekuja au vimekwisha? Wenzangu wananicheka, wanasema nahoji kama polisi. Waache wacheke. Kuna siku nachoka hata kulinyanyua boksi la chanjo, na najua si uzito wake.

Jumamosi iliyopita nilipanda gari mpaka kwa mama mkwe wako. Nilimweleza yote, simu, alhamdulillahi yangu, na ile pamba. Aliendelea kuchambua maharage, nikadhani hakunisikia. Kisha akauliza, "Mtoto anaona njia?" Nikamwambia sijui. Akaacha maharage, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

Sijui kama atakufuata, na sikuandikii ili urudi. Sikuombi hata unisamehe, bado sina uso huo. Jina la mtoto, ukitaka kulibadilisha, libadilishe, sitanung'unika. Nakuomba jambo moja tu. Mtu akikuuliza tena kwa nini ulichelewa, usinifichie kwa kunihurumia kama siku ile. Mjibu.

Hukuchelewa, Mama Rehema. Ulipiga simu, na mimi ndiye niliyepokea.

Wasalaam,
Somo wa mwanao