Pepeta Zisizoungua

Melini, Bandari ya Napoli, Italia
Mwezi wa Novemba

Dada yangu mpendwa Adelina,

Shikamoo dada, na shemeji mpe yake. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na meno yangu yote ninayo. Hofu ni kwenu huko kijijini Mofu, na safari hii neno hofu siliandiki kwa mazoea ya barua. Ninayo kweli, utaiona kadiri unavyosoma. Nakuomba uisome peke yako kwanza, kabla hujawaita watu uani kama kawaida yako.

Meli yetu imekwama hapa Napoli, injini imegoma. Wakubwa wanasema ni jambo dogo. Tangu nianze kazi hii ya kumenya viazi jikoni mwa meli nimejifunza kwamba mkubwa akisema ni jambo dogo, tandika vizuri, utakaa. Utaniona nimekuwa mtu wa mashaka. Dunia ndiyo iliyonifundisha, dada, wala haikunifundisha kwa upole.

Kule Adeni, mji wa mawe na jua kali, mtu mmoja mwenye ndevu nzuri za kuaminika aliniuzia saa. Ilitembea vizuri kabisa mpaka tulipong'oa nanga, ikafa. Baada ya hapo tukaingia Mfereji wa Suez. Usicheke: meli kubwa kuliko kanisa la misheni la Ifakara inapita kwenye maji membamba, huku mchanga na huku mchanga, na ngamia amesimama anakutazama. Nilijikuta natafuta kiboko majini, kwa mazoea tu. Hakuna kiboko, hakuna hata tete moja. Nikajisemea, maji yasiyoota kitu ukingoni yana jambo.

Port Said ndiyo mama wa ujanja wote. Wachuuzi wanakuja na mashua ubavuni mwa meli, wanakurushia kamba yenye kikapu, utie fedha kwanza ndipo wakuletee kitu. Mimi nikasema leta kitu kwanza. Tukatazamana hivyo mpaka jua likageuka, kila mtu na lake. Halafu akapanda melini mfanya mazingaombwe mmoja, akatoa kifaranga hai ndani ya mfuko wa shati langu. Watu wote wakapiga makofi. Mimi nikamshika mkono nikamwambia kifaranga ni changu, kimetoka mfukoni mwangu, watu wote wameona. Tuligombana mpaka mpishi mkuu akaja kutuachanisha. Mpaka leo mabaharia wenzangu wananiita Baba Kuku.

London ni ukungu na moshi. Unaweza kuishi na mtu nyumba moja asikusalimie, halafu mwanamke usiyemjua dukani anakuita mpenzi huku anakupimia kabichi. Mara ya kwanza nilishika mifuko yangu yote. Kumbe humwita kila mtu hivyo, hata wazee wenye fimbo.

Hapa Napoli nimemnunulia mama rozari aliyoniagiza. Aliniambia ya Roma, lakini Roma sikufika, na muuzaji aliapa kwamba hii imebarikiwa na Baba Mtakatifu mwenyewe. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha jikoni, wewe ulikuwepo? Akacheka. Nikainunua hivyo hivyo, shanga zake ni za mti mweusi, nzuri. Padri wetu ataibariki upya, isije mama akasalia kitu cha uongo.

Sasa dada, nifike ninakokwenda.

Meli ilipokuwa Dar es Salaam mwezi wa Septemba tulikaa siku nyingi, na nafasi ya kuja nyumbani nilikuwa nayo. Nikaenda kwa binamu yetu Fidelis, huyu anayepakua mizigo bandarini na kunipokelea barua zenu. Akanipa barua yako na kifurushi cha pepeta za mpunga wetu, akasema ni za mama. Nikamwambia, kesho napanda treni, nikaone watu. Akaanza kufunga na kufungua kifungo cha shati. "Usihangaike, kaka," akasema. "Kilombero imefurika, malori hayapiti, Ifakara yote ni maji."

Septemba, dada! Mwezi ambao tunavuka mbugani kwa miguu na vumbi linafika magotini. Fidelis amezaliwa mjini, kwake yeye bonde letu ni maji mwaka mzima. Lakini mimi nimezaliwa ukingoni mwa mto ule. Nikamtazama, naye akatazama chini. Ningeweza kumkaba akaniambia, au nikapanda treni tu. Sikufanya lolote. Niliogopa, dada. Nilimshukuru kwa pepeta nikarudi melini kumenya viazi.

Nikafungua kifurushi baharini, baada ya Mombasa. Pepeta nzuri, bapa, nyeupe, zimepigwa vizuri kinuni. Nikazimimina kwenye sahani nikazichambua kwa kidole. Hakuna hata punje moja iliyoungua. Dada, tangu nimezaliwa, mama hajawahi kukaanga mpunga mchanga bila kuunguza, kwa sababu hukaanga huku anagombana na mtu. Pepeta za mama zina punje nyeusi, na mimi punje zile nyeusi ndizo nilizokuwa nazitafuta. Hizi zimekaangwa na mtu aliyenyamaza. Mkono ule naujua, ni wako.

Nikaisoma tena barua yako. Umeandika: "Mama anakusalimu sana, anasema usiwe na wasiwasi, uangalie kazi yako." Ni lini mama alimwambia mtu asiwe na wasiwasi? Salamu zake mimi nazijua. Zamani ulikuwa unaniandikia kama alivyozisema: mwulize huyo mwanaharamu kama bado anakwenda misa, mwambie asinitumie picha yenye kofia ya kizungu, anafanana na bundi. Barua hizo nilizisoma mbele ya wenzangu tukacheka mpaka machozi. Sasa barua mbili mfululizo mama amekuwa mpole kama mtakatifu wa kwenye picha.

Unamkumbuka mjomba Sabasi aliporudi kutoka mashamba ya mkonge kule Tanga. Mkewe alikuwa amefariki tangu masika, nasi wote tulijua. Kwetu mtu aliye mbali hapelekewi msiba kwa barua, husubiriwa afike, akae, anywe maji, ndipo aambiwe. Kwa hiyo kila barua aliyopata ilikuwa na salamu za mkewe. Aliingia uani anacheka, ameshika doti ya kanga, anamwita kwa jina. Akapewa kigoda. Akapewa maji. Aliyanywa yote akasema asante, na kanga ziko mapajani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kinu. Sijaisahau sura yake.

Najua mnafanya hivi kwa huruma. Lakini mimi sitaki kunywa maji yale.

Basi nifanyie jambo moja. Mwambie mama kwamba rozari yake nimeipata, ila nimeivaa shingoni mwenyewe kama mkufu, na Jumapili nalala mpaka saa nne. Si kweli, lakini mwambie hivyo. Halafu andika atakayosema, yote, usipunguze hata tusi moja kwa ajili ya heshima. Ukifikiri unaweza kuyatunga mwenyewe, jaribu. Wewe umesomeshwa na masista, matusi ya mama huyawezi. Jibu liwe kwa Fidelis, nitalikuta injini ikipona. Likija la ukali, nitawanunulia mabaharia wote soda. Likija la upole, sitakuuliza tena, na sitakulaumu. Na safari hii treni napanda, hata kama Kilombero itakuwa imefurika kweli. Mitumbwi ipo, na kafi sijasahau kushika.

Nisalimie shemeji, mwambie viatu vyake nimevipata, ila kimoja nakitilia shaka. Nisalimie mjomba Sabasi. Nisalimie katekista, bibi yetu wa Lipangalala, na jirani yetu fundi mitumbwi.

Mama nimemweka mwisho kwa sababu sijui salamu zake nizielekeze wapi. Kama yuko jikoni, mpelekee jikoni. Kama ni kwingine, dada, nenda huko huko, usimame karibu naye, umwambie kwa sauti kwamba rozari ninayo mfukoni na sijaivaa.

Ni mimi mdogo wako,
Kaspari